Kupima chemba na kuitunza modeli ya majitaka: mwongozo kwa mafundi wa Moshi

Modeli ya mtandao wa majitaka huharibika bila kelele. Ukiipa kina cha chemba kilichokisiwa ofisini itakipokea, itahesabu mtiririko, itachora grafu safi, na mhandisi ataitumia kuamua bomba lipi lipanuliwe na lipi liachwe. Kosa hujitokeza masika, chemba inapofurika mahali ambapo modeli ilionyesha nafasi tele. Mwongozo huu ni wa mafundi sanifu, wapima ardhi na wahandisi wanaotunza modeli ya mji kama Moshi, ambako majitaka hushuka yenyewe kwa mteremko hadi mabwawa ya kusafisha majitaka ya Mabogini. Mifano ni ya SWMM, programu ya bure ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ila kazi ya uwandani ni ile ile kwa programu yoyote.

Kanuni moja ishikwe tangu mwanzo. Modeli isipolingana na maji yanayoonekana, rudi kwenye chemba kabla hujagusa namba ya ukwaruzo, yaani n ya Manning. Ni rahisi mno kupandisha au kushusha n hadi mistari miwili ifanane, na ukishafanya hivyo umelifukia kosa la kipimo mahali ambapo hakuna atakayelitafuta tena.

Modeli yenyewe ikuonyeshe pa kuanzia

Huwezi kupima chemba zote kwa mpigo, na hakuna haja. Endesha modeli kama ilivyo, kisha fungua ripoti ya hali na usome maonyo. Matatu yana thamani kubwa.

WARNING 02 inasema programu imeongeza kina cha chemba kwa sababu mgongo wa bomba ulikuwa juu ya uso wa ardhi. Ama kimo cha mfuniko si sahihi, ama kina, ama kipenyo. Programu imejirekebishia yenyewe na kuendelea, na chemba hiyo sasa ina nafasi ya maji ambayo haipo duniani.

WARNING 03 inasema mwisho wa bomba uko chini ya sakafu ya chemba, na programu imepuuza tofauti hiyo. Mara nyingi chanzo ni mtu mmoja kuingiza vimo kutoka usawa wa bahari huku modeli imewekwa kupokea urefu kutoka sakafu ya chemba, au kinyume chake. Angalia mpangilio huo kabla ya kulaumu wapimaji.

WARNING 04 inasema bomba halina mteremko, hivyo programu imelipa mteremko mdogo kabisa. Karibu kila mara utakuta namba moja imenakiliwa kwenye chemba mbili.

Baada ya hapo toa jedwali la mabomba kwenda Excel au QGIS (programu ya ramani), ukokotoe mteremko wa kila bomba mwenyewe. Mabomba yanayopanda badala ya kushuka hayatasimamisha hesabu ya Dynamic Wave, njia kamili ya SWMM ya kukokotoa mtiririko, kwa hiyo usisubiri programu ikwambie. Tafuta pia bomba linalopungua kipenyo kuelekea chini, chemba yenye kina cha namba kamili kama 1.50 au 2.00 (hiyo ilikisiwa), na chemba zinazofuatana zenye kina kile kile.

Panga orodha kwa uzito. Bomba kuu lenye mteremko mdogo upande wa chini wa mji lipimwe kwanza. Vibomba vya milimita 160 vilivyo kwenye mteremko mkali upande wa hospitali ya KCMC vinaweza kusubiri, kwa kuwa huko kosa la sentimita 5 halibadilishi kitu.

Vimo na majira ya nukta

Moshi na Arusha zote ziko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa majira ya ramani kwa mita. Tatizo ni kwamba ramani nyingi za zamani ziko kwenye msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukichanganya, chemba zinahama karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini na karibu mita 90 mashariki na magharibi. Kwenye QGIS, Arc 1960 ni EPSG:21037 na WGS 84 ni EPSG:32737. Andika namba hiyo juu ya kila faili la vipimo.

Kimo ni hatari zaidi kwa sababu kosa lake halionekani kwenye ramani. GPS hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia, siyo kutoka usawa wa bahari, na ukanda huu wa Kilimanjaro tofauti kati ya hivyo viwili ni kama mita 15. Kundi moja likitumia kimo cha GPS bila kukibadilisha na lingine likianzia kwenye alama ya kimo ya Serikali, modeli itaonyesha shimo la mita 15 katikati ya barabara. Hilo ni rahisi kulikamata. Lisilokamatika ni makundi mawili yaliyotumia modeli tofauti za geoidi (uso unaowakilisha usawa wa bahari) na kupishana sentimita 20. Chagueni moja na mbaki nayo.

GPS ya RTK, ile inayosahihishwa papo hapo kutoka kituo kinachojulikana, ikiwa imetulia vizuri hukosea sentimita 2 hadi 3 kwa kimo, na zaidi chini ya miti au kando ya ghorofa. Kwa bomba la mteremko mkali inatosha. Kwa bomba lenye mteremko wa 1 kwa 200 au chini ya hapo, peleka kimo kwa leveli na stafu (fimbo yenye vipimo), uanzie alama inayojulikana na urudi pale pale. Kosa la kufunga mzunguko lisizidi milimita 12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mzunguko kwa kilomita. Mzunguko wa kilomita 1.5 unaruhusiwa milimita 15 hivi. Ukizidi, rudia. Usiligawanye kosa kubwa kwenye chemba zote ukadhani limekwisha.

Kwenye chemba

Hakuna kipimo hapa kinachohitaji mtu kuingia ndani. Vyote vinachukuliwa ukiwa juu. Salfidi ya hidrojeni hunuka yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika kama ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni) pua inakufa ganzi na mtu hudhani hewa ni safi. Fungua chemba unayopima pamoja na ya juu yake na ya chini yake, acha hewa ipite, kisha teremsha kipima gesi kwa kamba. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, salfidi ya hidrojeni ikifika ppm 10, au gesi ya kuwaka ikifika asilimia 10 ya kiwango cha kulipuka, sogea mbali na uache. Weka koni pande zote mbili za barabara, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kulinda shimo lililo wazi. Watoto wa shule hupita, bodaboda hupita.

Vifaa ni vichache: stafu ya alumini ya mita 4 au 5, ubao ulionyooka wa kulaza juu ya mdomo wa chemba, pima maji, ndoano mbili za mifuniko, tochi kali, kibao cha kuandikia chaki na simu yenye kamera. Kwenye kitako cha stafu funga kipande cha chuma cha umbo la L chenye mguu wa sentimita 15. Mguu huo ndio unaokufikisha ndani ya mdomo wa bomba. Bila huo utakuwa unapima sakafu ya chemba, na sakafu siyo bomba.

Utaratibu ni huu:

1. Safisha ukingo wa fremu, laza ubao, hakikisha umelala sawa. Kimo cha mfuniko na kina vyote vichukuliwe kutoka nukta hiyo hiyo ya ukingo, na nukta hiyo iwekewe alama ya rangi.
2. Teremsha stafu hadi mguu wa L uguse sehemu ya chini kabisa ya ndani ya bomba, ile mafundi wanayoiita inveti. Soma kwenye ubao. Ongeza au toa unene wa mguu.
3. Geuza mguu uguse dari ya bomba. Tofauti ya visomo viwili ndiyo kipenyo cha ndani.
4. Rudia kwa kila bomba linaloingia na linalotoka. Andika uelekeo wa kila moja kwa nyuzi za dira, siyo "la kushoto" na "la kulia".
5. Kama kuna tope, chukua kina hadi juu ya tope, kisha sukuma stafu hadi chini pagumu uchukue tena. Namba mbili, safu mbili.
6. Pima kina cha maji na uandike saa.
7. Angalia ukutani mstari wa mafuta na uchafu unaoonyesha maji yalikopanda. Pima urefu wake kutoka inveti ya bomba la kutokea.
8. Piga picha tatu: kibao chenye namba ya chemba, stafu ikiwa inasomeka, na chemba yote kutoka juu.

Hatua ya pili ndiyo inayobeba modeli nzima, na kosa lake la kawaida ni stafu iliyoinama. Chemba ya mita 3, stafu ikiinama nyuzi 10, inasomeka milimita 46 zaidi. Inaonekana kidogo. Sasa chukua bomba la milimita 300 lenye mteremko wa 1 kwa 300 na urefu wa mita 50. Anguko lote ni milimita 167. Milimita 46 zikikosewa upande mmoja, umekosea zaidi ya robo ya mteremko, na uwezo wa bomba kwenye modeli unaweza kupungua kwa asilimia 15 bila bomba lenyewe kubadilika. Mwenzako ashike pima maji kwenye stafu kila kisomo.

Moshi mji umejengwa mlimani, na hilo linaleta kosa la pili. Kwenye mteremko mkali, bomba linaloingia huachwa juu na maji yakashuka ndani ya chemba au kupitia bomba la wima la pembeni. Fundi asiye makini huandika inveti ya kutokea kwa mabomba yote. Matokeo yake bomba la juu linaonekana lina mteremko mkali kuliko ulivyo, na modeli inalipa uwezo lisilokuwa nao. Ukiona maji yanamwagika kwa kelele ndani ya chemba, tafuta bomba lililo juu.

Kuhusu kipenyo: bomba la uPVC linaloitwa 200 ni milimita 200 kwa nje. Ndani hubaki kama 188 kwa lile la ukuta mnene. Ukiingiza 200 unazidisha uwezo kwa karibu asilimia 18. Bomba la zege, kwa upande wake, huitwa kwa kipimo cha ndani. Ndiyo maana aina ya bomba iandikwe kila mara, hata pale kipenyo kinapoonekana dhahiri.

Kuingiza namba

Hifadhi inveti kwa kimo kutoka usawa wa bahari, siyo kina peke yake. Barabara ikiwekwa lami mpya na mfuniko ukapandishwa sentimita 8, kina kinabadilika lakini bomba halijasogea. Waliohifadhi kina tu watajikuta wanazamisha mtandao mzima wa mtaa kila lami inapokarabatiwa.

Kila namba ibebe chanzo chake. Herufi nne zinatosha: A kwa iliyopimwa uwandani, B kwa iliyotoka kwenye michoro ya ujenzi, C kwa iliyokokotolewa kati ya chemba mbili zilizopimwa, D kwa iliyokisiwa. SWMM ina sehemu ya TAGS ambamo herufi hiyo inaweza kukaa pamoja na mwaka, kwa mfano A2025. Ukizipaka rangi kwenye ramani, mkuu wa idara anaona kwa jicho moja ni mitaa gani modeli inaweza kuaminika na ni mitaa gani ni makisio. Hili ndilo ningelitanguliza kama muda ungeruhusu jambo moja tu.

Chemba mpya ikigunduliwa katikati ya bomba, iwe imefunikwa na lami au la, gawanya bomba mara mbili na uipe chemba namba ya jirani yake wa juu pamoja na herufi. Usipange namba upya. Rekodi za kuzibua, ankara na picha zote zimefungwa kwenye namba za zamani.

Tope liingizwe kwa umbo la FILLED_CIRCULAR pamoja na kina chake, kisha tarehe. Usilifiche kwa kuongeza n, kwa sababu gari la kusafisha likipita tope linaondoka na n yako ya uongo inabaki.

Faili la SWMM ni maandishi matupu. Kabla ya kila mabadiliko hifadhi nakala yenye tarehe, na baada yake linganisha mafaili mawili kwa programu ya kuonyesha tofauti. Ukiona mistari 400 imebadilika wakati ulirekebisha chemba 12, kuna kitu kimeharibika.

Mwisho, chora mkato wa urefu wa bomba kuu lote hadi mabwawani. Jicho la fundi linaona kwenye mkato kile ambacho jedwali linaficha: kigongo, shimo, bomba linaloruka.

Kulinganisha na maji yanayopita

Vipima mtiririko vikiwepo, viache angalau wiki mbili za kiangazi ili upate siku za kazi na za mwisho wa wiki. Visipokuwepo, kazi bado inawezekana kwa rangi ya chakula, saa ya simu na stafu. Mimina rangi chemba ya juu, pima muda hadi rangi iliyokolea ipite chemba ya chini, gawanya umbali kwa muda.

Mfano. Bomba la zege la milimita 300, urefu mita 50, modeli inasema mteremko ni 1 kwa 300. Kina cha maji ni milimita 90, na rangi imechukua sekunde 67, yaani mwendo wa mita 0.75 kwa sekunde. Kwa kina cha asilimia 30 ya kipenyo, eneo la maji ni karibu mita za mraba 0.018, hivyo mtiririko ni kama lita 13 kwa sekunde. Lakini kwa n ya 0.013, kanuni ya Manning inatoa mwendo wa mita 0.61 tu. Ili kufika 0.75 kuna njia mbili: n ishuke hadi 0.0106, au mteremko uwe 1 kwa 200. Zege la zamani lenye utando wa majitaka haliwi laini kiasi hicho. Mteremko wa 1 kwa 200 unamaanisha anguko la milimita 250 badala ya 167. Milimita 83 ni kosa ambalo stafu italiona. Rudi ukapime chemba zote mbili. Ukikuta ni 167 kweli, kagua muda wa rangi na kina cha maji, kisha tazama bomba la chini yake.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: saa. Programu na vipima mtiririko hutumia saa 24. Karani akiandika "saa 2" kwa maana ya asubuhi na mwingine akaingiza 02:00, kilele cha asubuhi kinahamia usiku wa manane. Fomu iandikwe 08:00, kama inavyosomeka kwenye simu.

Majitaka ya kila mtaa yakadiriwe kutoka matumizi ya maji kwenye ankara. Desturi ya usanifu ni kuchukua asilimia 80. Kisha angalia kipimo cha saa 8 hadi saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Mtiririko ukibaki mkubwa saa hizo, ni maji ya ardhini yanayopenya kwenye viungio, au bomba la maji safi linalovuja karibu. Upande wa Mabogini, jirani na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa, linganisha msimu wa kumwagilia na msimu wa ukavu kabla ya kuweka namba moja ya mwaka mzima.

Masika

Mtandao wa majitaka haukujengwa kubeba mvua, lakini mvua huingia. Mabomba ya paa yameunganishwa kwenye chemba za uani, na watu hufungua mifuniko ili maji ya uani yaondoke. Fremu zilizo chini ya usawa wa barabara hupokea maji ya mfereji. Weka kipima mvua mjini, kwa kuwa mvua inayonyesha Kibosho si lazima iwe imenyesha Majengo. Kina kikipanda ndani ya dakika chache baada ya mvua, ni maji ya juu yanayoingia moja kwa moja. Kikipanda polepole na kubaki juu kwa siku, ni ardhi iliyoshiba. Hivi viwili viingizwe kwenye modeli kwa njia tofauti, kwa sababu cha kwanza kinatibiwa kwa mfuniko na cha pili kwa kukarabati bomba.

Ile mistari ya uchafu ukutani iliyopimwa kwenye hatua ya saba inatumika hapa. Chemba ambayo modeli inasema maji hayakuzidi sentimita 20, huku mstari ukiwa mita 1.1, ina kizuizi chini yake ambacho modeli haikijui.

Isizeeke tena

Vipimo bora zaidi vinapatikana bila msafara wa pekee. Kila kundi linalokwenda kuzibua tayari linafungua chemba. Wape fomu fupi ya simu kwenye programu ya KoboToolbox au QField: namba ya chemba, kina cha kila bomba, tope, picha. Wakikuta tofauti ya zaidi ya milimita 30 na modeli, iende kwenye orodha ya kupimwa upya kwa leveli.

Kundi lingine lirudie chemba 1 kati ya 15 bila kuonyeshwa majibu ya kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 20, kazi ya siku ile irudiwe. Mkandarasi anayekabidhi mtaa mpya asilipwe awamu ya mwisho kabla inveti zake hazijapimwa kwa stafu na kuingizwa kwa herufi A. Michoro ya ujenzi huonyesha kilichokusudiwa, na mwamba wa volkano wa Moshi hulazimisha mafundi kupandisha bomba mahali ambapo mchoro ulilishusha.